Pesti mpya, joto lile lile: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Laptopu inapotua mezani kwangu Kariakoo na mwenyewe akaanza, "Fundi, ilisafishwa juzi tu, ikawekwa pesti ya bei, sasa ndiyo inachemka kuliko mwanzo," huwa siulizi pesti ilikuwa ya kampuni gani. Nauliza skrubu zilikazwaje, na pedi zilizotolewa ziko wapi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Nimekusanya humu malalamiko yanayojirudia: laptopu, mashine za gemu, inveta za sola, taa kubwa za LED, na saketi zilizofukiwa kwenye epoksi. Ni vyombo tofauti, lakini vyote vina kitu kimoja kilichokaa katikati ya kinachochemka na kinachopoza. Kitu hicho ni mafuta (ndiyo pesti), mpira (ndiyo pedi) au plastiki (ndiyo epoksi) iliyojazwa unga.

## Unga ule unafanya kazi gani

Mafuta ya silikoni yenyewe hupitisha joto vibaya, kama 0.15 W/mK hivi (hicho ni kipimo cha upitishaji joto, namba ikiwa kubwa joto linapita vizuri). Hewa ni mbaya zaidi, 0.026. Shaba ni karibu 400. Kwa hiyo mafuta kazi yake ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo ya chuma, na unga ndio unaobeba joto. Kwenye pesti nyeupe za bei nafuu utakuta oksidi ya zinki. Nyingine zina oksidi ya alumini, nitraidi ya boroni, nitraidi ya alumini, fedha, hata vumbi la almasi ya kiwandani. Pedi ni mambo yale yale, ila mahali pa mafuta kuna mpira laini. Epoksi ya kufukia saketi nayo ni hivyo hivyo, ila mafuta yamekuwa plastiki ngumu.

Watu wengi wanakosea hapa: wanadhani unga ukiwa bora mara kumi, pesti nayo inakuwa bora mara kumi. Iko hesabu aliyoichapisha mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1873 inayovunja dhana hiyo. Chukua mafuta ya 0.15, tia chembe za duara asilimia 30 ya ujazo. Chembe zikiwa za oksidi ya alumini, yenye karibu 30 W/mK, upitishaji wa mchanganyiko unapanda mara 2.26. Zikiwa za fedha, yenye zaidi ya 400, unapanda mara 2.28. Basi. Fedha yote ile imeongeza 0.02 tu.

Sababu ni kwamba joto likishatoka kwenye chembe moja lazima livuke mafuta kuifikia nyingine. Ni kama kuvuka bahari kwenda Kigamboni, ng'ambo ya Dar, enzi za pantoni peke yake: uwe na gari la kasi namna gani, foleni iko majini. Kinachobadilisha mambo ni daraja, yaani chembe kugusana. Ndiyo maana watengenezaji hujaza unga hadi kupita nusu ya ujazo, na huchanganya chembe kubwa na ndogo ili ndogo ziingie kwenye mianya, kama mchanga unavyojaa katikati ya kokoto kwenye zege.

Lakini unga ukizidi, pesti inakuwa nzito kama ugali uliolala, haitandazwi ikawa nyembamba. Na unene ndio unaoumiza kuliko namba ya kwenye tyubu. Chukua chipu ya sentimita 1.5 za mraba inayotoa wati 30:

- Pesti ya 4 W/mK, unene wa milimita 0.05: tofauti ya joto kati ya chipu na shaba ni nyuzi 2.5.
- Pesti nyeupe ya 0.8 W/mK, imepakwa kama siagi, milimita 0.3: nyuzi 75.
- Pedi ya 6 W/mK, unene wa milimita 1: nyuzi 33.

Soma tena mstari wa tatu. Pedi ina namba kubwa kuliko pesti ya kwanza, na imeshindwa vibaya.

## Kabla ya kushika bisibisi

Fungua programu inayosoma joto la prosesa, kisha ipe mashine kazi nzito ghafla.

Joto likiruka kutoka nyuzi 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, na likaporomoka mara tu unapoondoa kazi, basi joto haliondoki kwenye chipu. Hapo tatizo ni tabaka la pesti au mgandamizo. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa na kushuka polepole, chipu inakabidhi joto vizuri. Kinachoshindwa ni feni, mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto) yaliyoziba vumbi, au laptopu imewekwa juu ya godoro. Usiguse pesti. Safisha vumbi kwanza.

Thibitisha kwa kiganja kwenye tundu la hewa. Chipu iko 95 na hewa inatoka vuguvugu? Tabaka. Hewa inatoka moto wa kweli? Joto linafika kwenye mapezi, kwa hiyo iache pesti ilivyo.

## Dalili ya kwanza: joto limepanda zaidi baada ya kubadilisha pesti au pedi

Hii inaongoza kwa mbali. Visababishi, kuanzia ninavyokutana navyo zaidi:

Pedi mpya ni nene kuliko ya zamani. Fundi katoa pedi za milimita 0.5 kwenye memori, kaweka za 1 kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani. Sahani ya shaba imenyanyuliwa na pedi, na juu ya chipu kuu pamebaki uwazi uliojazwa pesti nene. Memori baridi, prosesa moto. Kuangalia ni rahisi: paka pesti, funga, kaza, fungua tena, tazama alama. Chipu iliyobanwa vizuri huacha pesti nyembamba kiasi cha kuona rangi ya shaba kwa chini. Ukikuta pesti imesimama vilevile ulivyoiweka, sahani haikuigusa.

Usipime pedi kuukuu pale ilipobonyea. Pima ukingo wake ambao haukubanwa. Na uangalie ulaini, si unene tu. Pedi yenye namba kubwa, tuseme 12, imejazwa unga mwingi na kwa hiyo ni ngumu. Skrubu ndogo za laptopu haziwezi kuibonyeza. Mimi nikipewa kuchagua kati ya pedi ngumu ya 12 na laini ya 6 kwa ajili ya laptopu, nachukua ya 6 bila kujadiliana.

Skrubu zimekazwa upande mmoja. Umekaza ya kwanza hadi mwisho, sahani imeinama, pesti imekimbilia upande wa pili. Fuata namba zilizochapwa karibu na skrubu. Kama hazipo, kaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, ukirudia hadi zote zifike.

Kimesahaulika kitu katikati. Mabaki ya pesti kavu, nyuzi za pamba, au ile karatasi laini ya plastiki inayofunika pedi mpya. Ina pande mbili, na wengi hubandua upande mmoja tu. Nimeshaikuta zaidi ya mara moja, safi kabisa, haina hata kovu.

Pedi imewekwa mahali pa pesti. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa pili mezani niliishiwa pesti Jumamosi jioni. Nilikuwa na pedi ya milimita 1, imeandikwa 6, na pesti niliyozoea ni ya 4. Nikajiambia 6 ni kubwa kuliko 4. Jumatatu asubuhi mama mmoja akanirudishia mashine ikiwa imezimika yenyewe mara tatu akiandika barua. "Mwanangu, hii umeitengeneza au umeitia moto?" Sikuwa na la kusema zaidi ya, "Nisamehe mama, iache hapa, leo hulipi." Ile hesabu ya nyuzi 33 nimeijua siku hiyo.

Pesti ni kidogo au ni nzito mno. Kwa chipu ya laptopu isiyo na kofia (bamba la chuma la kuifunika), kiasi cha punje ya choroko kinatosha, ila hakikisha kona zote nne zimefunikwa. Ikizidi kidogo hudhuru mara chache, mradi pesti ni laini na haipitishi umeme: itajikamua pembeni. Pesti nzito iliyokaa dukani juani haijikamui. Iminye kidogo kwenye kipande cha kioo, bandika kioo kingine juu, bonyeza. Isipotandaa kwa nguvu ya vidole, itupe.

Tyubu ni ya uongo. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo watu hukimbilia kwanza. Zipo pesti za kijivu zilizotiwa rangi ya fedha na hazina fedha. Lakini hata pesti duni iliyotandazwa nyembamba sana haiwezi peke yake kuipeleka laptopu ya wati 15 kwenye nyuzi 100. Ukishasahihisha hayo mengine matano na bado joto halishuki, ndipo uilaumu tyubu.

## Dalili ya pili: ilikaa vizuri wiki au miezi, kisha ikaanza kupanda

Pesti imesukumwa nje. Silikoni ngumu ya chipu (si ile ya mafuta) hutanuka kidogo sana ikipata moto, shaba hutanuka mara sita zaidi. Kila unapowasha na kuzima, vitu hivi viwili vinasuguana na kujipinda kidogo, na pesti iliyo katikati inasukumwa pembeni taratibu. Ukifungua utakuta katikati pamebaki pakavu, na pembeni pesti imejikusanya kama povu la mawimbi lililokauka mchangani. Pesti nyepesi sana husukumwa upesi, hata kama siku ya kwanza ilisoma joto zuri. Kwa chipu isiyo na kofia tumia pesti nzito kiasi, au zile karatasi zinazolainika zikipata joto, nyingi zikianzia kama nyuzi 45. Mashine ikizimwa zinaganda tena, hivyo hazisukumwi kirahisi. Zikae mahali pa baridi kabla ya kuzibandua, la sivyo kwa joto letu la Dar zitang'ang'ania vidoleni.

Mafuta yamekauka. Unga umebaki, kibebeo kimeondoka. Chembe bado zipo, lakini kati yake sasa kuna hewa, na hewa tumeshaiona hapo juu. Ukiikwangua inatoka kama chokaa ya ukutani.

Haikuwa pesti. Dawa ya meno. Usicheke, inaletwa. Ina unga wa kusugulia na maji, kwa hiyo siku ya kwanza inapoza kweli, wakati mwingine vizuri kuliko pesti kuukuu. Maji yakishakauka unabaki na plasta, na zipo zenye chumvi zinazokula shaba.

Metali ya majimaji imenyweka. Hizi ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati. Hazina mafuta wala unga, ni metali tupu, ndiyo maana zinashinda pesti zote. Galiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 29.76, yaani hapa pwani mchana wa Februari ni maji ndani ya chupa. Ikigusa shaba tupu, shaba huinyonya kidogo kidogo na doa linabaki kavu. Upakaji wa pili kwa kawaida hudumu zaidi. Ikigusa alumini, alumini inavunjika kama biskuti. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, ilitoka kiwandani na metali ya namna hii. Kama hujawahi kuishika, usijifunzie kwenye mashine ya mteja.

## Dalili ya tatu: mafuta yanachuruzika, au tyubu imetoa maji kwanza

Mafuta na unga vimeachana. Kwenye tyubu ni kwa sababu imelala muda mrefu mahali pa joto: minya sehemu ya mwanzo itupwe, kisha koroga inayobaki juu ya kioo na ujaribu kama ilivyoelezwa. Pedi nazo hutoa mafuta, na duara la unyevu kuzunguka memori peke yake si ugonjwa. Futa kwa spiriti. Likifika kwenye lenzi ya kamera au kwenye soketi, badilisha pedi.

## Dalili ya nne: hitisinki ya inveta ni baridi, mosfeti zinaungua

Mtu akigusa hitisinki, yaani alumini ya kupozea inveta, na kuikuta baridi hufurahi. Asifurahi. Kama mzigo ni mkubwa na alumini ni baridi, joto limekwama kwenye mosfeti, zile swichi za umeme zilizofungwa juu yake.

> Zima, chomoa betri na umeme wote, kisha pima kapasita kubwa kwa mita kabla ya kuingiza kidole. Inveta nyingi zina volti 300 hadi 400 za mkondo mnyoofu ndani, na zinaweza kubaki hapo baada ya kuzimwa. Hujui kuzitoa chaji salama? Ishia hapa, mpe anayejua.

Anza na skrubu, maana mtikiso na joto huzilegeza. Kisha tazama kilichopo kati ya mosfeti na alumini. Karatasi ya maika (madini yasiyopitisha umeme) inataka pesti nyembamba pande zote mbili. Pedi ya kijivu ya silikoni haitaki pesti kabisa, kwani mpira wake ulioshikwa na nyuzi za kioo umeshajazwa unga, nayo pesti inaongeza tabaka tu na kuifanya iteleze. Nimekuta zote mbili zimerundikwa pamoja, maika, pesti, pedi, pesti, kama kachori. Kila tabaka ni ushuru.

Baadaye angalia tundu la skrubu kwenye alumini. Likitobolewa bila kusafishwa kingo, linabaki na meno madogo yanayoinua mosfeti na kutoboa karatasi. Pitisha kidole, ukikwaruzwa, ondoa meno hayo kwa kuzungusha mkononi keekee nene kuliko tundu.

Mwisho pima kwa mita kati ya bati la mgongo wa mosfeti na hitisinki. Mosfeti nyingi mgongo wake umeunganishwa na mguu wa katikati. Mita ikilia, usiwashe. Kile kibushi cha plastiki cha skrubu kimevunjika au karatasi imetoboka, na hitisinki itakuwa na umeme unaoweza kuua mtu.

Taa za LED za nje zinaugua ugonjwa wa jamaa huyu: zinafifia au kupepesa baada ya nusu saa, mwanga ukigeuka wa zambarau. Kaza skrubu za bati la taa, badilisha pesti iliyokauka nyuma yake. Ikiwa bado, joto limekwama kwenye tabaka la epoksi yenye unga lililo ndani ya bati lenyewe, chini ya njia za shaba. Hilo halitengenezeki. Nunua bati jipya.

## Dalili ya tano: saketi iliyofukiwa kwenye epoksi inachemka kuliko ilivyokuwa wazi

Huu ndio uwanja wa wabunifu. Mtu anataka kuzuia maji kwenye kidhibiti cha sola au draiva ya taa, ananunua epoksi, anamimina. Epoksi tupu ni karibu 0.2 W/mK. Ameivika saketi blanketi.

Haikuwa na unga. Epoksi ya wazi inayong'aa kama kioo ni ya mapambo ya meza. Ya saketi huwa nzito, haipenyezi mwanga, mara nyingi nyeusi au kijivu.

Unga ulikuwepo, ukabaki chini ya kopo. Oksidi ya alumini ina uzito wa karibu mara nne ya maji, utomvu (epoksi yenyewe kabla ya kuganda) ni mara 1.15 hivi. Kopo likikaa dukani miezi, unga unatuama na kuwa udongo. Fundi anamimina ya juu, anapata mafuta. Wa mwisho anapata tofali. Koroga hadi kijiti kikwangue chini bila kukuta ugumu, kabla ya kupima uwiano na kigandishi. Ukipima kwanza ukakoroga baadaye, uwiano wako umeshaharibika na kazi inaweza isigande.

Unga unaweza pia kutuama baada ya kumimina, wakati epoksi inasubiri kuganda. Kata kipande cha jaribio wima: chini cheupe, juu cheusi au cha mafuta, basi umeshapata chanzo. Mimina tabaka jembamba mara mbili badala ya nene mara moja. Tabaka nene pia hujichemsha lenyewe linapoganda na kupasua viungo.

Umeongeza unga mwenyewe, na hautoshi. "Nimetia nusu kwa nusu." Nusu ya nini? Nusu ya mizani, kwa oksidi ya alumini, ni asilimia 23 tu ya ujazo. Chembe zinaelea mbalimbali, hakuna daraja, na upitishaji haujafika hata mara mbili ya epoksi tupu. Kufika asilimia 40 ya ujazo unahitaji sehemu 7 za unga kwa 3 za utomvu kwa mizani, na hapo kijiti kinasimama chenyewe. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza viputo vya hewa, na kila kiputo ni shimo kwenye barabara uliyojenga. Bila mashine ya kunyonya hewa, nunua iliyochanganywa kiwandani. Hapa ubunifu hauokoi pesa.

Umbo la chembe limekusaliti. Nitraidi ya boroni na grafiti ni vipande bapa. Hupitisha joto vizuri sana kwa urefu wake, vibaya kwa unene wake. Ukiikandamiza pedi au kuipaka epoksi kwa bapa, vipande vinalala kama magamba ya samaki, na joto linakimbia pembeni badala ya kuvuka. Ukiwa na pedi iliyoandikwa namba kubwa sana, soma namba hiyo imepimwa upande gani.

Wapo wanaotia unga wa alumini, masizi ya penseli, au mchanga wa ufukweni. Unga laini wa alumini ukitimka hewani unaweza kulipuka kwa cheche. Masizi hupitisha umeme. Mchanga wa ufukweni una chumvi itakayokula shaba ya saketi, na ukiusaga, vumbi lake linaharibu mapafu bila kurudi nyuma.

## Dalili ya sita: baada ya pesti, haiwaki kabisa

Pesti yenye grafiti au kaboni, na metali ya majimaji zaidi, zinaweza kupiga shoti kwenye kapasita ndogo zinazozunguka chipu. Pesti ya fedha huenda isisome kitu kwenye mita na bado ikaleta utata kwenye njia za kasi. Usiendelee kubonyeza kitufe "labda itawaka". Chomoa chaji na betri, futa kwa spiriti na brashi laini, kagua chini ya lenzi, acha ikauke. Kwa metali ya majimaji usifute kwa kusukuma, utaitawanya hadi chini ya chipu. Inyonye kwa sindano isiyo na ncha au ncha ya pamba, tone baada ya tone.

Ikiwa hakuna pesti iliyomwagika, rudi kwenye jambo dogo: waya wa feni au wa betri haujarudishwa. Limenipotezea jioni nzima mara mbili.

## Weka bisibisi chini ukikuta haya

- Betri ya laptopu au simu imevimba. Usiitoboe, usiibane ikalale. Itolewe na aliyezoea, mahali pasipo na vitu vya kuungua.
- Chipu isiyo na kofia imekatika kona. Ikiwaka leo ni bahati, na kuikandamiza tena ni kuimaliza.
- Umebadilisha pesti mara mbili kwa usahihi, alama ya mgandamizo ni nzuri, hewa inatoka vuguvugu na mrija wa shaba unaobeba joto kwenda kwenye mapezi una moto mwisho mmoja, baridi mwisho wa pili. Mrija umetoboka ukapoteza maji yake ya ndani. Unabadilishwa mzima, haujazwi.
- Inveta imeunguza mosfeti zaidi ya seti moja. Joto ni matokeo, ugonjwa uko kwenye saketi ya kuziendesha. Aje mwenye osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme.
- Transista za zamani za redio na vipaza vya masafa, zenye sahani nyeupe ya kauri chini. Baadhi ni oksidi ya berili, inayopitisha joto vizuri kuliko kauri nyingi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Ikiwa nzima haina shida. Usiisugue kwa msasa, usiitoboe, usiivunje kutafuta dhahabu. Iliyovunjika ilowanishe kwa kitambaa cha maji, ifunge kwenye mifuko miwili, andika juu kilichomo, na usiiache kwenye debe la takataka la dukani ambako kijana wa kufagia ataifagia asubuhi.